Wingu Ndani ya Kijiko

Harufu ya mkojo unaochemka haifanani na ya mkojo wa kawaida. Haina ule ukali wa godoro la mtoto. Ni nzito, ina utamu fulani wa kuchefua, na ikichanganyika na moshi wa mafuta ya taa inakaa puani mpaka jua linapopanda. Wenzangu wa rika langu wana harufu zao za utotoni: karanga mbichi zinazokaangwa, mabibo yanayochacha chini ya mikorosho, vumbi linalopigwa na mvua ya kwanza. Mimi yangu ni hiyo, na sikuwahi kumwambia mtu.

Ilinirudia asubuhi moja si zamani, ikipita juu ya ukuta wa jirani yangu hapa Dar es Salaam. Jirani huyo tunamwita Mama Mariamu. Alikuwa ametoka hospitali siku chache nyuma na mwanawe wa miaka saba, mtoto ambaye figo zake zinavuja. Anatibiwa, anapona, watu wanashukuru, kisha anavimba tena. Dawa zilipogoma walimweka kwenye mashine, mara tano. Nilikwenda kumwangalia siku mojawapo. Damu yake ilikuwa inatoka kwa mrija, inaingia mashineni, inachujwa; chembe nyekundu zinarudi mwilini, na yale maji ya damu yanaachwa kwenye mfuko unaoning'inia, huku akiwekewa mengine safi badala yake. Nesi alituambia kwamba ndani ya maji yale ndimo kinamojificha kitu kinachozichokoza figo. Mfuko ulikuwa na rangi ya juisi ya mabibo. Mariamu alikuwa anatafuna biskuti na kuuliza katuni zinaanza saa ngapi. Nilisimama pale na pakiti yangu ya maziwa mkononi, nikamwonea wivu mtoto mgonjwa. Wivu wenyewe haukuwa kwa ajili yangu.

Alipopewa ruhusa, mama yake aliagizwa ampime mkojo kila asubuhi nyumbani, maana ugonjwa ule ukirudi huwahi kuonekana kwenye mkojo kabla haujaonekana usoni. Vijiti vya kupimia vilipomwishia, mhudumu mmoja wa siku nyingi akamfundisha njia ya zamani: kijiko cha chuma, mkojo kidogo, moto. Asubuhi ile ndiyo alikuwa anaijaribu. Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kututembelea kutoka nyumbani, Ruponda, ameketi mkekani uani anachambua mchele. Harufu ilipofika aliinua uso, akaacha ungo ukae mapajani. Mimi niliendelea kufua. Hatukutazamana.

Ruponda iko wilaya ya Nachingwea, na harufu ile ilipoanza nyumbani kwetu nilikuwa darasa la tano. Mdogo wangu Issa, aliyenifuata, alikuwa na miaka kumi. Ugonjwa wake ulianzia kwenye kope. Aliamka asubuhi macho yamefumba kama aliyeumwa na nyuki, na tukamcheka, mimi na yeye pamoja. Jioni macho yalifunguka na miguu ndiyo ikavimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Baada ya wiki tumbo lilikuwa ngoma. Watu walisema mengi, baba akatafuta mizizi huku na kule, mpaka mama alipombeba mgongoni, mtoto mzima vile, akapanda naye lori la mbao hadi hospitali ya mjini Nachingwea.

Daktari wa kule alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye mwandiko mkubwa kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Alisema figo za Issa zinamwaga nje kile ambacho mwili unakihitaji. Alimpa vidonge vidogo vichungu, vingi kwa siku, na akakataza chumvi. Kisha akamwonyesha mama kijiko. Unachukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, unaushika juu ya koroboi mpaka uchemke, unadondoshea tone la ndimu. Ukibaki maji, mtoto yuko salama. Ukifanya wingu jeupe, kama ute wa yai unapoanza kuiva, ugonjwa umerudi. "Ukiona wingu usisubiri, mama," alisema. "Siku hiyohiyo au ya pili yake, mlete."

Vidonge vilimponya, lakini vilimpa mashavu ya mtu mwingine. Alikuwa mtoto mwembamba, akawa na uso wa duara kama sahani. Tulipoanza kuuzoea uso huo, vidonge vilipunguzwa, uso ukarudi, na ugonjwa nao ukarudi. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kila wingu lilikuwa na maana moja tu kwangu: mama na Issa wanaondoka kwenda mjini, nabaki na baba asiyejua kupika, na Issa anarudi na mashavu. Kwa akili yangu ya wakati ule niliuchukia moto ule. Niliona mkojo unatoka msafi kabisa, wa njano, unang'aa, halafu sisi wenyewe tunauweka motoni na kuuita ugonjwa. Nilimwuliza mama siku moja, "Tukiacha kuchemsha si hautarudi?" Alinipiga kofi la bega, halafu akanivuta akanikumbatia. Sikuelewa kofi wala kumbatio.

Kwa Issa shida kubwa ilikuwa chumvi. Msimu wa ming'oko, watoto wote tulikaa barazani na sinia la mizizi hiyo iliyochemshwa, pilipili na chumvi pembeni, tunachovya na kulamba vidole. Yeye alipewa yake kwenye bakuli, mitupu. Alikuwa anaila polepole akitutazama midomo. Kisha akabuni maneno ya kujitetea. "Mimi niko jandoni," alikuwa akisema. "Ninyi kuleni tu, wajinga. Mimi nimeshaanza jando."

Hayo yalikuwa na ukweli wake. Kwetu kijana akiingia jandoni hali chumvi mpaka kidonda kikauke, na chakula anachopelekewa na mama yake kinapikwa bila chumvi. Siku ya mwisho kibanda cha porini, ambacho tunakiita kumbi, kinachomwa moto pamoja na nguo za zamani na kila walichokilalia, na vijana wanakimbia wasigeuke nyuma. Wakifika nyumbani wana nguo mpya na jina jipya. Jina la utotoni linabaki kule kwenye majivu, na ukimwita mtu kwalo umemtukana.

Issa alikuwa ameachwa mwaka uliotangulia. Rika lake lote lilikwenda, yeye alikuwa amelazwa. Waliporudi na majina yao hawakumpiga wala kumtenga, walifanya jambo baya zaidi: walinyamaza kila alipofika. Walikuwa na maneno yao na nyimbo zao, na yeye hakuruhusiwa kuzisikia. Alianza kucheza na watoto wa miaka sita. Mama aliliona hilo na likamuuma, ndiyo maana mjomba alipokuja kutoka Nambilanje kuzungumzia jando la mwaka ule, hakukataa.

Mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu yetu, kama ilivyo kwetu, hata baba alimsikiliza. "Mtoto anakua huyu," alisema. "Na wala si kama zamani. Mwaka huu anakuja mtu wa zahanati na vifaa vyake, kila mtoto na wembe wake. Mnaogopa nini?"

"Naogopa figo, kaka," mama alisema.

Walikubaliana wamwulize daktari. Daktari aliipitia kadi ya Issa. Mkojo ulikuwa safi kwa miezi miwili na vidonge vilikuwa vimekwisha. Alisema kama utabaki safi mpaka siku ya kuondoka, mtoto anaweza kwenda. Lakini wingu likitokea hata mara moja, hakuna jando, aletwe hospitali. Akarudia mara mbili: mwili wenye ugonjwa ule hauna askari, kidonda kidogo kinaweza kuwa kikubwa. Mimi nilikuwepo. Nililisikia kila neno.

Ulikuwa wakati wa kuvuna ufuta. Ufuta unakatwa alfajiri ungali na umande, maana jua likiukuta maganda yanapasuka na mbegu zinamwagika chini, kazi ya msimu mzima inaliwa na ndege. Kwa hiyo mama na baba waliondoka kabla hakujapambazuka vizuri, na kijiko kikawa changu. Nilichemsha, nikaandika kwenye daftari kabla ya kwenda shule. Mama alinipa amri moja: kijiko kisioshwe. Kikae dirishani na mkojo wake mpaka arudi akione kwa macho yake. Aliniamini, lakini Issa alikuwa mwanawe.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja wingu lilipokuja. Lilianza pembeni mwa kijiko, uzi mweupe, halafu likajaa lote. Nilidondosha ndimu nikiomba litoweke. Lilibaki. Issa alikuwa amechuchumaa pembeni yangu na shuka mabegani. Kope zake zilikuwa nzito kidogo. Nilizitazama na nikajua. Hakulia. Alichukua kijiko mkononi mwangu, akatoka, akasikika anakisugua kwa mchanga. Aliporudi alinirudishia kijiko.

"Dada, weka wako."

"Mama atatuua."

"Nisikilize kwanza." Alikaa karibu yangu kabisa. "Ugonjwa unanijua kwa jina la Issa. Hospitali ndivyo nilivyoandikwa, kwenye kadi, Issa. Tukichoma kumbi, Issa anabaki kule. Utarudi unamtafuta Issa, hayupo. Mimi nitakuwa Bakari."

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina alilokuwa amejichagulia. Alilitamka taratibu kama mtu anayejaribu kiatu. Ningependa kusema kwamba nilimhurumia tu, kwamba nilijua ni upuuzi nikafanya kwa huruma. Si kweli. Niliamini. Kila kitu kilipatana: chumvi ameshaiacha, kumbi linachomwa, jina linabadilika. Niliona daktari hajui jambo hilo kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu. Nilikwenda nyuma ya nyumba na kopo, nikarudi, nikachemsha wangu. Ulibaki maji. Niliandika "safi" na kuweka kijiko dirishani.

Mama alirudi saa sita, mikono imekwaruzika kwa mabua ya ufuta, na kabla hajanywa maji alikwenda dirishani. Akasema, "Alhamdulillahi." Siku kumi na moja alisema hivyo. Uso wa Issa ulikuwa bado na mabaki ya mashavu ya vidonge, hivyo hakuna aliyeshangaa unene wake. Na jioni, mama alipokuwa na nafasi ya kumtazama, uvimbe ulikuwa umeshateremkia miguuni, na Issa alikuwa anavaa suruali ndefu ya shule. Nilimfunga mwenyewe kamba za viatu siku ya kuondoka. Havikuingia vizuri.

Tulikwenda Nambilanje sote, nikafikia na mama kwa mjomba. Ngoma zilipigwa, wanawake wakaimba, vijana wakachukuliwa, na sisi tukabaki upande wetu, maana mwanamke hasogei karibu na kumbi. Mama alipika bila chumvi kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa miaka. Aliwapikia na watoto wa wenzake. "Leo wote wanakula kama mwanangu," aliwaambia wale kina mama, nao wakacheka. Mimi nilihesabu siku zilizobaki kabla ya kuchoma kumbi.

Chakula kilianza kurudi siku ya sita. Siku ya saba kilirudi chote. Wanaume walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini na kunyamaza tukipita, na mama aliuliza, akaambiwa homa ndogo, watoto huwa wanapata. Siku ya nane, mchana, mjomba alikuja kutoka porini akasimama mbele ya mama bila kuvua kofia wala kusalimu.

"Dada, chukua khanga zako. Twende Ruangwa."

Pikapu ilikuwa barabarani tayari. Issa alikuwa amelazwa nyuma juu ya magunia, amefunikwa shuka, na tumbo lilikuwa limeinua shuka lile kama kuna kitu kingine chini yake. Ngozi yake ilikuwa inang'aa. Mama alipanda akamweka kichwa mapajani, akawa anasema mambo ambayo sikuyasikia. Mimi nilishika ubao wa gari. Issa aliniona. Midomo ilikuwa imekauka ikapasuka, lakini sauti ilitoka vizuri.

"Dada, bado hatujachoma."

"Anaweweseka," mama alimwambia mjomba. "Homa inampandisha."

Hakuwa anaweweseka. Nilitaka kusema, na gari likaondoka. Alifariki hospitalini Ruangwa siku ya pili yake, mama akiwa naye. Walisema uchafu uliingia tumboni na mwili haukuweza kupigana. Alizikwa Nambilanje, si mbali na nyumba ya mjomba. Wanawake hatukwenda kaburini, lakini upepo ulikuwa unatoka upande ule, na nilimsikia shehe akimwita kwenye telkini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini, kwa jina lake na la mama yake. Alimwita Issa. Ugonjwa ulikuwa umemkuta akiwa bado Issa. Siku nne baadaye kumbi likachomwa, tukauona moshi, na vijana wakarudi wakikimbia. Hakuna aliyejua kulikuwa na Bakari aliyekosekana, isipokuwa mimi.

Arobaini ilipopita mama alilichukua daftari langu, akanishika mkono, tukaenda Nachingwea. Aliliweka juu ya meza ya daktari na kulifungua. "Soma," alisema. "Safi. Safi. Safi. Na kijiko nilikiona mwenyewe kila siku. Sasa nieleze." Daktari alisoma kurasa zote, na aliponitazama nilitazama kalenda ukutani. Akamwambia mama kuwa ugonjwa ule una mambo yake, wakati mwingine unakuja ghafla. Nadhani alikuwa anamfariji. Mama alilifunga daftari, na tangu siku hiyo hakuiamini tena hospitali, kijiko wala mkojo.

Angekuwa ameyabeba hayo moyoni peke yake ningeweza kuishi nayo. Lakini alikuwa akiyasema. Alikuja mwanamke mmoja pale Ruponda na mtoto amevimba kope, ameshafundishwa kijiko, na mama akamwambia, kwa huruma kabisa, asijisumbue. "Mkojo unadanganya. Wa mwanangu ulikuwa safi mpaka siku ya kuondoka." Nilikuwa nimesimama pale na ndoo kichwani. Nilipita. Yule mwanamke baadaye alihama, na sijui mtoto wake aliishia wapi. Nimejaribu kujiambia kwamba alipona.

Asubuhi ile ya Dar, Mama Mariamu alitokea uani kwetu na kijiko mkononi, amekishika kama mtu aliyebeba yai, anataka nimsaidie kutazama kama kuna wingu au ni macho yake. Mama yangu alimwomba akae kwenye mkeka. Akamwuliza habari za mtoto, za mashine, za yale maji yaliyotolewa. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa, na nikaiona huruma ileile ikija usoni mwake.

"Mwanangu," alisema, "usijitese na hicho kijiko. Mimi nilikuwa na wangu. Miezi na miezi safi, mpaka siku ya mwisho safi, na akafa. Mkojo unadanganya."

Mama Mariamu alinitazama. Halafu akakitazama kijiko, na nikaona mkono wake unalegea, mkojo ukaanza kuelekea ukingoni. Alikuwa amechoka. Mtu aliyechoka namna ile hahitaji kushawishiwa sana ili aache kuamka alfajiri.

Povu lilikuwa mpaka kwenye viwiko vyangu. Nilisema, "Mama, haukudanganya. Ule mkojo ulikuwa wangu."

Hakuniuliza ninasema nini. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe ndani ya mchele, vinatoa jiwe, vinaliweka pembeni, vinatoa lingine.

"Siku zote?" aliuliza mwishowe.

"Zile kumi na moja. Aliniomba. Alitaka kwenda."

Aliuweka ungo chini. Nilisubiri anipige, na Mungu ananijua, nilitaka anipige. Alinyoosha mkono akakishika kifundo cha mkono wa Mama Mariamu, akakiinua kijiko kikae sawa, akainama karibu kabisa kukitazama, kwa macho yake yaliyokwisha kuzeeka.

"Hamna wingu," alimwambia. "Na kesho pima. Kila siku pima, usiache." Kisha, bila kugeuka upande wangu, "Lakini ushike mwenyewe. Usimpe mtoto."